Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Mwezi uliopita tulimhamisha mama. Alikuwa amechoka na ngazi za fleti yetu ya zamani, ile ya juu ya duka la vitambaa katika mtaa wa soko, Walthamstow, London, na sasa amepata ya chini yenye kibustani cha kuanikia nguo. Mimi nilipewa jiko. Katika droo ya mwisho, ya betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna ajuaye ni za mlango gani, nilikuta mizani ya mkono ya kupimia masanduku: ndoana, mkanda wa kushikia, na kidirisha cha tarakimu kilichopasuka. Niliishika tu, na pale pale nikasikia harufu ya halua na ya koti la sufu lililoloa jasho.

"Tupa hiyo," mama alisema kutoka chumbani. "Haipimi tena."

Sikuitupa.

Nyinyi mliokulia hapa na wazazi kama wangu mnaijua mizani hiyo. Kwenu labda ilikuwa ikitoka Desemba, safari ya nyumbani. Kwetu ilinunuliwa kwa ajili ya Kuala Lumpur, na kwa muda mrefu sikujua hata Kuala Lumpur iko wapi.

Nilikuwa na mjomba mmoja tu, Nassor, mdogo wake mama, na nilimjua kama sauti. Kila Jumapili mama alikwangua kadi ya simu kwa ncha ya kijiko, akabonyeza namba ndefu, na mjomba akajibu kwa sauti ya mtu aliyemo ndani ya pipa. Alikuwa akisoma uhandisi Kuala Lumpur kwa msaada wa masomo aliopata baada ya kufaulu vizuri Unguja. Masikioni mwangu Kuala na Kwarara vilikuwa vitongoji jirani. Kwarara ya Unguja mama aliitaja sana, maana ndiko alikozikwa bibi. Kwa hiyo niliamini kwamba mjomba anasoma kando ya kaburi la mama yake, peke yake, na nilikuwa nikimhurumia. Mara moja nilimuuliza kwenye simu kama haogopi. Akacheka, akasema anaogopa hesabu tu.

Mama hakuwa amemwona tangu alipoondoka Unguja kuja kuolewa na baba yangu. Kwanza karatasi zake za uhamiaji zilikwama. Kisha baba akahamia Leicester na kuanza maisha mengine, ikawa mama anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee asubuhi na jioni, na likizo zake zote zikamalizika kwa kulala. Hayo sikuyaelewa wakati ule. Nilichokielewa ni kwamba nilipokuwa na miaka kumi, mama alipata pasipoti nyekundu ya Uingereza, akaibusu, akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya sufuria ambayo haikutumika. Wiki ile ile mjomba akasema kwenye simu kwamba anahitimu.

"Nnakwenda," mama alimwambia Mama Upendo jioni ile.

Mama Upendo alikuwa jirani yetu wa ngazi moja, mtu wa Mbeya, mwimba kwaya, muuza viatu katika duka moja Stratford. Mtoto wake alikuwa amekwenda chuo, na nadhani nyumba yake ilikuwa kimya mno, kwa sababu muda mwingi alikuwa jikoni kwetu. Kila aliyetaka kusafiri kwa bei ya chini alimwendea yeye. Alikuwa amefika Accra, Istanbul na Yerusalemu kwa pesa ambazo wengine wangemalizia uwanja wa ndege.

"Jamani, Mama Rahma! Huko ni mbali!" alisema. Rahma ni mimi. "Siku ngapi?"

"Nne. Kazini hawanipi zaidi."

"Basi sikiliza. Usinunue Ijumaa. Usilipie kiti, kaa watakapokukalisha. Usile uwanjani. Na sanduku la kwenda chini ya ndege lisahau kabisa, hilo ndilo linalofilisi watu."

Mama alimsikiliza kama anayepewa dawa na daktari.

Hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo mipango yote tuliifanyia maktaba, na mimi ndiye niliyeshika puku, kile kipanya cha kubonyezea. Mama alikaa nyuma yangu na koti lake. Mimi nilisoma yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yeye akaamua kwa Kiswahili, kama tulivyozoea: yeye aliniuliza kwa Kiswahili na mimi nilimjibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Pale ndipo nilipoona kwenye ramani kwamba Kuala Lumpur na Kwarara vimetenganishwa na bahari nzima. Nililichukulia kama uongo niliodanganywa na mtu, ingawa sikujua nani.

Nakumbuka siku tuliyotafuta mahali pa kulala. Tulipata hosteli karibu na stesheni, safi kwenye picha, yenye vyumba vya aina mbili. Cha bei ndogo hakikuwa na dirisha.

"Hakina dirisha, Mama," nilimwambia.

"Dirisha la nini? Nnakwenda kumtazama mtu. Sendi kutazama nje."

Mimi nilikuwa nibaki. Nitalala kwa Mama Upendo, nitakula makande, na mama atarudi kabla sijamkumbuka. Hilo lilielezwa vizuri na nililikubali, mpaka asubuhi moja ya Jumapili. Mama alikuwa akikaanga maandazi huku simu ameibana kati ya sikio na bega, akizungumza na Khalati Mauwa, mama yake mdogo wa Unguja. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kulia, mahali nilipopenda kusomea. Sidhani alijua nipo.

"Ndiye mwanangu wa kwanza, Khalati," alisema. "Nikikosa siku hii nimekosa yote." Akasikiliza, mafuta yakalia. "Ndilo linaloniumiza. Nilimwacha mmoja nikaja huku. Sasa nimwache na huyu?"

Nilijua maana ya kila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu kwa Kiswahili siku zile: maneno niliyajua, ila sikujua watu wanayatumiaje. Mwanangu wa kwanza. Kwa hiyo mjomba si mjomba. Mama alikuwa na mtoto kabla yangu, alimwacha, na sasa anakwenda kwake, na mimi ndiye huyu wa kuachwa.

Kulikuwa na picha moja ya zamani sebuleni: mama akiwa kigoli, kanga kichwani, amebeba mtoto ubavuni. Nilikuwa nimeipita maisha yangu yote. Siku ile niliishusha nikaenda nayo bafuni, nikasimama mbele ya kioo na kulinganisha masikio yangu na ya yule mtoto. Yalikuwa yale yale, makubwa, yaliyosimama. Nikawa na hakika.

Sikumwambia mtu. Niliacha kula vizuri, na nilianza kumfuata mama kutoka chumba hadi chumba, hata chooni nikimsubiri mlangoni. "Una nini wewe?" aliniuliza. Nikasema sina kitu. Usiku nilihamia kitandani kwake na kushika ncha ya gauni lake, naye akadhani ni baridi, akanunua blanketi.

Kisha ikaja siku ya kununua tiketi. Haikuwa Ijumaa. Mama alikuja na kadi yake ya benki ndani ya soksi ndani ya mkoba. Niliandika London, nikaandika Kuala Lumpur, na kompyuta ikatuuliza jambo ambalo sikulitarajia: unataka kwenda tu, au kwenda na kurudi? Nikabonyeza yote mawili ili nione. Ya kwenda tu ilikuwa bei ya chini sana.

Sijui kama naweza kueleza nilivyoogopa. Mama yangu, katika maisha yake yote niliyoyashuhudia, hakuwa amewahi kuchagua kitu cha bei ya juu kama kulikuwa na cha bei ya chini. Mikate ya jana, makoti ya mitumba, chumba kisicho na dirisha. Nilijua atakachosema. Kabla hajavaa miwani, nikabonyeza kwenda na kurudi, na mkono wangu ukabaki juu ya puku, siutoi.

"Sogea nione," alisema.

"Nimeshachagua."

"Umechagua nini? Hebu sogea."

"Ya kurudi!" nilisema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni ghali lakini nimechagua ya kurudi!"

Wazee waliokuwa wakisoma magazeti waliinua vichwa. Mama alinitazama kwa mshangao. "Sasa nisirudi?" aliuliza.

Basi nikalia, kilio cha kwikwi kisicho na adabu, na mtu wa maktaba akaja na boksi la karatasi laini. Mama alikusanya mkoba, soksi na kadi, akanishika mkono tukatoka. Nje soko lilikuwa limechangamka. Alinikalisha juu ya ukuta mfupi karibu na meza ya muuza ndizi, akasimama mbele yangu ili watu wasinione.

"Haya. Sema."

"Baba yake ni nani?" nilimuuliza.

"Baba yake nani?"

"Nassor."

"Baba yake ni baba yangu! Alaa, mtoto gani huyu? Babu yako!"

Nikamwambia niliyoyasikia chini ya meza. Nikamwambia na masikio. Mama alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na muuza ndizi naye akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu niliona kicheko kimeisha lakini mdomo bado uko wazi. Akaketi karibu yangu.

Siku ile ndipo aliponieleza. Bibi alifariki siku ile ile aliyomzaa Nassor. Mama alikuwa msichana wa skuli mwenye miaka kumi na miwili. Babu alikuwa dereva wa magari ya mizigo, hakujua hata kumshika mtoto. Basi mama akaacha skuli. Alijifunza kuchemsha maziwa ya kopo, alimbeba ubavuni, alimtoa meno kwa uzi, alimpeleka skuli ya kwanza na kusimama dirishani hadi mwalimu akamfukuza. Miaka kumi. Kisha ikaja posa kutoka London, na babu akasema umri unakwenda, na Nassor atakaa kwa Khalati Mauwa.

"Siku ya kuondoka nilimtafuta nimuage," mama alisema. "Tukamtafuta nyumba nzima. Gari inapiga honi nje. Hakutoka. Nikaondoka."

"Alikuwa wapi?"

"Sijui. Hajaniambia, na mimi sijamuuliza." Alifuta mkono wake kwenye koti ingawa haukuwa na kitu. "Na sasa nimemwambia nakuja, ananijibu, usije Dada, ni gharama. Nimekaa nikiyapindua hayo maneno. Sijui kama anasema gharama, au anasema usije."

Nikamwambia anafanana na sisi masikio. Akasema ndiyo, ni ya babu. Kisha akainuka, akanunua ndizi kwa yule bwana kwa sababu tumekaa ukuta wake, akasema, "Twende ndani tukatafute tiketi mbili."

Tiketi mbili zilibadilisha mipango yote. Tulichukua ndege ya bei ndogo, ya kulala njiani katika uwanja wa ndege wa Ghuba, saa nyingi kwenye viti vya chuma. Mama Upendo alileta mizani ile aliyoinunua sokoni, akaitundika kwenye mlango wa jiko, na kila mmoja wetu akawa na begi dogo la mgongoni tu. Langu lilikuwa la skuli.

"Halua itoke," Mama Upendo alisema.

"Halua haitoki."

"Mama Rahma, inazidi!"

"Basi na nguo zangu zitoke."

Zikatoka. Mama alisafiri amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, na juu yake koti la sufu la kipupwe cha London, mifuko yake imejaa soksi mpya, maandazi, na kopo la kahawa ya tangawizi. Mama Upendo alituombea ngazini kwa Yesu, mama akaitikia amina, tukashuka kukamata basi.

Nassor alikuwa akitungoja nje ya kituo cha basi la uwanja wa ndege. Joto lilikuwa zito kama taulo lenye maji. Nilimtambua kwa masikio. Mama hakumtambua, alikuwa akitafuta mtu wa kimo cha chini, nadhani, na ilimbidi yule kijana aje asimame mbele yake kabisa.

"Shikamoo, Dada," alisema.

"Marahaba," mama alijibu, na hapo wote wawili wakakwama. Nassor akachukua begi lake. Akaniangalia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba sasa anaogopa na makaburi pia, na nikajua hajasahau. Lakini kwa mama hakuwa na utani. Alitembea hatua moja mbele yetu, akitoa maelezo ya majengo kama mwenye kuongoza watalii.

Alitupeleka kula pembeni ya barabara, kwenye meza ya plastiki, wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba, na dagaa na pilipili. Mama alionja akasema wali huu umepikwa na mtu wa Unguja. Alikuwa bado na koti. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Vua koti, Dada."

"Lina vitu vyako."

Akaanza kutoa kimoja kimoja juu ya meza: soksi, kahawa, maandazi yaliyobonyea, kifurushi cha halua. Nassor alitazama rundo lile. Mama akasema, haraka, kama mtu anayeruka shimo, "Uliniambia nisije."

Nassor alichukua andazi moja, akaligeuza.

"Ulisema utakuja nilipomaliza darasa la saba," alisema. "Ukasema utakuja nilipotahiniwa fomu foo. Ukasema utakuja baba alipoumwa. Kila mara nilikwenda uwanja wa ndege, Dada. Hata ukisema umeshindwa, nilikwenda, labda umebadilisha. Nikasema mara hii nimwambie asije, nisingoje."

Mama aliweka mkono mdomoni.

"Na siku ile?" aliuliza kupitia vidole. "Ulikuwa wapi siku ile?"

"Juu ya paa la jiko. Nilikuona mpaka gari ilipokata kona ya msikiti. Nilitaka unifuate. Nilidhani usiponiona hutoondoka."

Sikuwahi kumwona mama akilia mbele ya watu, wala sikumwona siku ile, maana Nassor aliinuka akamvua lile koti, mkono mmoja kisha mwingine, kama anavyovuliwa mtoto aliyetoka mvuani, na alipomaliza uso wake mama ulikuwa umelala kifuani kwake na sisi wengine tukatazama wali.

Kesho yake asubuhi alikuja hosteli na joho lake mkononi na kadi mbili nzuri zenye maandishi ya dhahabu. Chuo kinatoa kadi mbili tu kwa kila mhitimu, alieleza, za wazazi, na viti vimeandikwa. Moja ilisema Ibu, yaani mama kwa lugha ya huko. Nyingine ilisema Bapa, yaani baba. Hiyo ya kwanza alimpa mama kwa mikono miwili. Hii ya pili alinipa mimi.

"Kuna kiti kimebaki," alisema. "Utakikalia?"

Mlangoni alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia nyeusi ya mahameli akiwapokea wageni. Aliisoma kadi yangu. Akanitazama, msichana mwenye nywele za mabutu na viatu vya skuli. Akaisoma tena. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba baba wa mhitimu hayupo, amefariki, na mama yake pia, na kwamba huyu ni dada yake aliyemlea na mimi ndiye baba. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Kisha akagusa kifua chake kwa kiganja, akainama kidogo kama alivyowainamia wababa wote waliotutangulia, na kututembeza mpaka safu yetu.

Ukumbi ulikuwa baridi na kimya. Majina yalisomwa mengi, na lilipofika la Nassor lilisomwa vibaya mno hata mama hakulisikia. Alikuwa bado ameinamia kitabu cha ratiba. Mimi nilimwona akipanda ngazi za jukwaa.

"Mama! Ndiye!"

Mama aliinuka wima, kati ya watu waliokaa wametulia mikono mapajani, akapiga vigelegele. Virefu, vya harusi ya kwao, vilivyopanda hadi darini na kurudi. Watu waligeuka. Kule jukwaani, Nassor alikuwa ameshanyoosha mkono kwa mkubwa wa chuo aliyekuwa akigawa vyeti. Akaurudisha. Akageuka kuutafuta upande vinakotoka, akamwona, akauinua juu mkono ule ule akampungia, mara nyingi, kama mtu aliye juu ya kitu kirefu anayetaka aonekane kutoka mbali, na mkubwa wa chuo amebaki na cheti chake hewani akingoja.

Na mimi, baba mtu, sikutoka kitini pangu. Nilikaa nimenyooka kama wababa wengine, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.